Namna ya kujenga hoja kuhusu filamu ya shujaa wa komiki kabla haijatoka

Ubishi mwingi wa mashabiki wa filamu za mashujaa haufiki popote kwa sababu watu wanabishana juu ya vitu tofauti wakidhani ni kimoja. Mmoja akimtaja "Thanos wa kweli", yule adui mkuu wa Avengers, ana maana ya Thanos wa komiki ya 1991, mwenzake anamwaza yule wa filamu ya 2018, Avengers: Infinity War, na wa tatu ameona klipu tu. Mwongozo huu ni wa shabiki anayetaka maoni yake yasimame: ajue anazungumzia toleo lipi, ajue kila habari ya filamu ijayo ina uzito gani, na atenganishe anachokijua, anachokikisia na anachokitamani.

Anza na toleo, usianze na mhusika

Superman alitokea mara ya kwanza katika Action Comics namba 1, yenye tarehe ya Juni 1938. Batman alifuata kwenye Detective Comics namba 27 ya Mei 1939, na Spider-Man akaja na Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962. Tangu hapo kila mmoja wao amepita mikononi mwa waandishi na wachoraji wengi mno, na kila mwandishi na mchoraji aliacha alama yake. Anayesema "Batman hajawahi kushika bastola" atakwama mara moja mbele ya msomaji wa siku nyingi, kwa sababu katika hadithi chache za mwanzo kabisa aliishika na kuitumia. Kauli inayosimama ni hii: kwa sehemu kubwa ya maisha yake Batman amekataa bunduki, na waandishi wengi wameujenga utu wake juu ya msimamo huo.

Kwa hiyo kila unapotaja komiki, taja vitu vinne: jina la mfululizo, mwaka mfululizo huo ulipoanza, namba ya toleo, na majina ya mwandishi na mchoraji. Mwaka ndio watu wanaousahau, nao ndio muhimu kuliko vyote. Mifululizo huanzishwa upya kila mara. Mwaka 2011 kampuni ya DC ilianzisha mifululizo 52 yote kwa namba 1. Mwaka 2016 ikarudisha hesabu ya zamani, Action Comics ikaendelea na namba 957 na Detective Comics na namba 934. The Amazing Spider-Man nayo ina namba 1 ya 1963, ya 1999, ya 2014, ya 2015, ya 2018 na kadhalika. Ukiandika "soma Amazing Spider-Man namba 1" bila mwaka, hujamwelekeza mtu kokote.

Angalia pia tarehe ya jaladani. Kwa miongo mingi tarehe hiyo ilikuwa ya miezi miwili au mitatu baada ya siku halisi ya kuanza kuuzwa, ili muuzaji asiliondoe toleo mapema. Captain America Comics namba 1 imeandikwa Machi 1941, lakini ilianza kuuzwa Desemba 1940. Tofauti hiyo ina maana: jalada linamwonyesha shujaa akimpiga Hitler ngumi takriban mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. Ukijenga hoja ya kihistoria juu ya tarehe ya jaladani, unaweza kukosea mfuatano wa matukio.

Majina ya wachoraji si pambo. Kwenye komiki za kawaida za Marekani kuna mwandishi, mchoraji wa penseli, mtia wino, mtia rangi, mwandika maneno na mhariri. Ukisifu "namna tukio lilivyopangwa", mara nyingi unamsifu mchoraji. Na orodha ya majina yenyewe si ukweli kamili. Bill Finger aliandika sehemu kubwa ya mwanzo wa Batman, lakini DC ilianza kumtaja rasmi pamoja na Bob Kane mwaka 2015 tu.

Usome nini, na kwa kiasi gani

Kwa filamu moja ijayo, komiki tatu zinatosha: hadithi ambayo filamu imesemwa kuchota kwayo, hadithi moja fupi inayoonyesha mhusika alianzaje, na moja ya miaka ya karibuni inayoonyesha yuko wapi sasa. Toleo moja lina kurasa 20 hadi 22 za hadithi. Mkusanyo wa kawaida hubeba matoleo matano au sita, yaani kurasa 100 hadi 130 hivi, na mtu husoma mkusanyo huo kwa muda unaokaribiana na wa kutazama filamu yenyewe. Yale majuzuu mazito ya kurasa 600 hadi 1,000 yaache kwanza. Ni mazuri kwa rafu, lakini mgeni huchoka katikati na kuacha.

Kwa wanaosoma kidijitali, maktaba ya kampuni ya Marvel kwa kawaida huweka toleo jipya takriban miezi mitatu baada ya kuuzwa, na ya DC huchukua muda mrefu zaidi kwenye kiwango cha chini cha usajili. Kwa hiyo ukisoma humo tu, ukubali kwamba uko nyuma kidogo, na usiandike "mpaka sasa haijatokea" kuhusu hadithi inayoendelea.

Mtego mkubwa wa kusoma ni hadithi za tukio kubwa, zile zinazosambaa kwenye mifululizo mingi kwa wakati mmoja. Civil War ya 2006, ya Mark Millar na Steve McNiven, ina matoleo saba tu ya msingi, lakini matoleo ya pembeni yaliyogusa tukio hilo ni makumi. Soma yale saba kwanza, kwa mfululizo, bila kutoka nje. Ukimaliza, chagua mhusika mmoja unayemjali ufuate matoleo yake ya pembeni. Wanaojaribu kusoma vyote kwa mpangilio wa tarehe hupoteza uzi kabla ya kufika toleo la tatu.

Soma ukurasa, si maneno peke yake

Msomaji mgeni hupita kwenye viputo vya maneno akaona amemaliza. Kisha anashangaa wenzake wanapata wapi mambo wanayoyasema.

Tazama kwanza ukurasa mzima kabla ya kusoma neno lolote. Hesabu fremu. Ukurasa wa fremu tisa zilizo sawa unakwenda kwa mapigo yaliyopimwa. Ukurasa wenye picha moja kubwa unasimamisha muda. Kisha tazama sura na mikono ya wahusika. Maneno yawe ya mwisho. Kiputo chenye kingo za mawingu ni wazo, chenye kingo kali ni ukelele au sauti inayopita kwenye mtambo, na visanduku vya rangi ni sauti ya msimulizi, mara nyingi kila mhusika na rangi yake. Rangi hizo zina kazi: kisanduku kinaweza kubadilika rangi katikati ya ukurasa, na asiyetazama atadhani anayesema bado ni yuleyule.

Kwenye kitabu cha karatasi, tukio la kushtua huwekwa mara nyingi ukurasa wa kushoto, ili ulione baada ya kugeuza karatasi. Ukisoma kwenye simu kwa mtindo wa kuonyeshwa fremu moja moja, mshtuko huo unapotea, na picha iliyochorwa kutanda kurasa mbili inakatwakatwa vipande. Kabla ya kumlaumu mchoraji kwamba tukio "halikuwa na nguvu", zima mtindo huo, laza simu, uutazame ukurasa wote.

Na ukinukuu, usitegemee namba ya ukurasa. Komiki nyingi hazina namba za kurasa, na programu za kusomea huhesabu jalada pamoja na matangazo. Sema "toleo la pili, ukurasa wa mwisho wa hadithi", au taja tukio lenyewe.

Filamu moja, komiki mbili zenye jina lilelile

Mfano mzuri ni filamu ya Avengers: Secret Wars. Kuna Secret Wars ya 1984, matoleo 12 yaliyoandikwa na Jim Shooter, ambamo kiumbe aitwaye Beyonder anakusanya mashujaa na maadui kwenye sayari moja wapigane. Na kuna ya 2015, matoleo tisa ya Jonathan Hickman na Esad Ribić, ambamo ulimwengu mbalimbali umegongana na kufa, na adui aitwaye Doctor Doom anatawala mabaki yake kama mungu. Zote mbili zinaiita sayari yao Battleworld. Zote mbili zina Doom anayefikia nguvu zisizo za kibinadamu: katika ile ya 1984 anampokonya Beyonder nguvu zake. Ndiyo maana mashabiki wawili wanaweza kukubaliana kwa dakika ishirini kabla ya kugundua kwamba kila mmoja anazungumzia kitabu kingine.

Dalili gani zinaelekeza upande upi? Hapa ndipo kusoma kunalipa. Migongano ya ulimwengu ni jambo la Hickman, lilianza kwenye New Avengers ya 2013, na filamu ya Doctor Strange ya 2022 ilishalitaja jambo hilo kwa jina lake la komiki, "incursion". Hiyo ni dalili ya wazi kuelekea kitabu cha 2015. Lakini dalili si uthibitisho. Andika: "Nadhani itafuata zaidi ya 2015, kwa sababu filamu ya 2022 ilitaja migongano ya ulimwengu." Sentensi hiyo inaweza kupingwa kwa hoja. "Itakuwa kama komiki" haipingiki wala haithibitiki, kwa hiyo haina kazi.

Tumia safu tatu. Chora kwenye karatasi au kwenye simu: Najua, Nakisia, Natamani. Kwa Doctor Doom wa filamu hiyo na ya Avengers: Doomsday inayoitangulia, safu ya kwanza inapata hili: Robert Downey Jr. alitangazwa kumwigiza Julai 2024, jukwaani San Diego. Safu ya pili inaweza kupata: huenda sura yake ina uhusiano na Tony Stark, yaani Iron Man, ambaye Downey huyohuyo alimwigiza. Safu ya tatu: Doom avae barakoa filamu nzima. Ukishaandika hivyo utaona kwamba nusu ya ugomvi wa mtandaoni ni watu wa safu ya tatu wakizungumza kana kwamba wako safu ya kwanza.

Kulinganisha kitabu na skrini

Usiulize kama filamu "imefuata" komiki. Uliza maswali matatu: kipi kimebaki, kipi kimebadilika, na kimebadilika kwa sababu gani. Swali la tatu ndilo linalomtofautisha mchambuzi na mlalamikaji.

Chukua Civil War tena. Kwenye komiki, mlipuko mjini Stamford unaua mamia ya watu, wakiwemo watoto wa shule, na serikali inawalazimisha mashujaa wajisajili. Mwishoni mwa toleo la pili Spider-Man anavua barakoa mbele ya waandishi wa habari. Baadaye nakala ya Thor iliyotengenezwa na upande wa Tony Stark inamuua Goliath, na Reed Richards wa Fantastic Four ni mmoja wa walioshiriki kuijenga. Kwenye filamu ya 2016, Captain America: Civil War, hakuna usajili wa majina ya siri, kuna mkataba wa kuwaweka Avengers chini ya usimamizi wa mataifa. Hakuna Goliath anayekufa, kuna Rhodes, rafiki wa Tony Stark, anayeanguka na kuumia uti wa mgongo. Reed hayupo kabisa.

Kwa nini Reed hayupo? Wakati ule haki za filamu za Fantastic Four na X-Men zilikuwa mikononi mwa Fox, na Disney, iliyokuwa imeinunua Marvel mwaka 2009, ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya Fox Machi 2019 tu. Spider-Man naye alipatikana kwa sababu ya makubaliano na Sony yaliyotangazwa Februari 2015. Na kwa nini usajili wa majina ya siri uliondolewa? Kwa sababu kwenye filamu zilizotangulia karibu kila mtu alishajua kwamba Tony Stark ndiye Iron Man na Steve Rogers ndiye Captain America. Tishio la kufichuliwa lisingemgusa mtu. Shabiki asiyejua historia hii atasema waandishi "wameharibu", kumbe nusu ya mabadiliko iliamuliwa na mikataba na nusu nyingine na filamu za nyuma. Bado una haki ya kusema matokeo hayakukuridhisha. Lakini sasa unalaumu kitu sahihi.

Sababu nyingine za mabadiliko hurudi kila mara. Muda: ukurasa mmoja wa mswada wa filamu huhesabiwa takriban dakika moja, na hadithi ya kurasa 130 zilizojaa matukio lazima ikatwe. Sura: studio imelipia mwigizaji, kwa hiyo barakoa huvuliwa mara nyingi kuliko kwenye kitabu. Na nia ya mhusika: mwaka 1991 Thanos anafuta nusu ya viumbe ili kumfurahisha Kifo, ambaye ni mhusika anayeonekana, na anafanya hivyo toleo la kwanza tu. Filamu ya 2018 ilimpa sababu ya uhaba wa rasilimali na ikasogeza tukio hilo mwisho. Hayo ni mabadiliko mawili tofauti, la nia na la mpangilio, na yanastahili hukumu mbili. La mpangilio lilikuwa na akili. La nia ndilo linaloweza kubishaniwa mpaka asubuhi.

Kwa filamu ambayo bado, fanya zoezi hilihili kinyume: tafuta kitakachokuwa kigumu kuhamisha. Supergirl iliyopangiwa tarehe 26 Juni 2026 inatokana na Supergirl: Woman of Tomorrow ya Tom King na Bilquis Evely, matoleo manane yaliyoanza 2021. Ukiisoma utagundua kwamba anayesimulia si Supergirl. Ni Ruthye, msichana anayemtafuta Krem aliyemuua baba yake, naye anasimulia kwa lugha nzito ya mtu aliyekwisha kukua. Supergirl tunamwona kwa nje, kupitia macho ya mtoto. Swali la kuuliza kuhusu filamu ni la aina hiyo: je, sauti ya Ruthye itabaki, au kamera itahamia kwa Supergirl? Jason Momoa anamwigiza Lobo, ambaye hayumo kwenye matoleo yale manane, kwa hiyo tayari kuna kitu cha kuweka kwenye safu ya "kimebadilika". Shabiki aliyeuliza habari ya rangi ya sketi ameuliza kidogo mno.

Kupima tetesi

"Lisemwalo lipo" haifai sana kwenye habari za filamu. Mengi husemwa na hayapo.

Panga kila habari kwenye ngazi. Juu kabisa ni tangazo la studio yenyewe. Chini yake ni vyombo vya habari vya tasnia kama Variety, Deadline na The Hollywood Reporter. Chini zaidi ni akaunti za watu wanaodai kuwa na "vyanzo", na mwisho kabisa ni picha ya skrini isiyo na mwenyewe. Ukikuta kichwa cha habari, fuata kiungo mpaka kwa aliyeisema kwanza. Mara nyingi tovuti tano zinanukuana, na mwisho wa mnyororo yuko mtu mmoja aliyesema "nasikia".

Soma vitenzi kwa makini. "Yuko kwenye mazungumzo" si "amesaini". "Inaandaliwa" maana yake kuna mswada, au hata wazo tu. "Imepangiwa tarehe" maana yake studio imehifadhi wikendi. "Imeanza kupigwa" ndiyo hatua ya kwanza yenye uzito, nayo pia haina dhamana: Batgirl ilikuwa imeshapigwa pale Agosti 2022 Warner Bros. ilipoamua kutoitoa. Blade ilitangazwa 2019 ikiwa na Mahershala Ali, ikahamishwa tarehe mara kadhaa, na mwaka 2024 ikaondolewa kwenye kalenda. Avengers: Doomsday iliondolewa kwenye tarehe ya 1 Mei 2026 ikapelekwa 18 Desemba 2026. Ukitaja tarehe, andika pembeni siku uliyoisoma, maana ikibadilika msomaji atajua hukuizua.

Kukanusha kwa mwigizaji nako kusikupe uhakika. Mwaka 2021 Andrew Garfield alikana tena na tena kwamba yumo kwenye filamu ya Spider-Man ya Desemba ile, naye alikuwemo. Mikataba ya usiri ndivyo ilivyo. Aliyekana hajathibitisha wala hajakanusha kitu. Na wakisema filamu inapigwa upya baadhi ya vipande, usikimbilie kuandika kwamba imeharibika. Siku za kupiga vipande vya nyongeza huwekwa kwenye bajeti tangu mwanzo kwa filamu nyingi kubwa. Kinachostahili kukutia shaka ni kubadilishwa mwongozaji upigaji ukiwa unaendelea.

Kutazama trela

Mara ya kwanza itazame bila kusimamisha, upate hisia ambayo mtazamaji wa kawaida ataipata. Mara ya pili zima sauti. Mara ya tatu fumba macho usikilize tu. Utastaajabu jinsi picha na sauti zinavyosimulia hadithi mbili tofauti, na sababu ni ya kiufundi: wahariri wa trela hulaza sentensi ya onyesho moja juu ya picha za onyesho jingine. Kanuni ya kazi ni hii: kama hukuona midomo ikitamka, usidai kwamba maneno hayo yanasemwa hapo wala kwamba anaambiwa yule anayeonekana.

Baada ya hapo pitia picha kwa picha. Kwenye YouTube kwa kompyuta, simamisha video kisha tumia vitufe vya nukta na mkato kusogea mbele na nyuma fremu moja moja. Andika dakika na sekunde ya kila picha muhimu, kisha zipange upya kwa kufuata jeraha, nguo, nywele na mwanga. Mhusika mwenye damu juu ya nyusi kwenye picha tatu zilizotawanyika huenda yuko kwenye onyesho moja. Hivyo unapata makundi ya maonyesho, na makundi hayo ndiyo ya kukisia juu yake, si ule mpangilio wa trela.

Trela pia hudanganya makusudi. Ile ya Avengers: Infinity War ilimwonyesha Hulk akikimbia na wenzake uwanjani Wakanda, kwenye filamu hakuwepo hapo. Trela ya Spider-Man: No Way Home ilifutwa watu ndani yake, na kwenye toleo lililotolewa Brazili mashabiki waliona kichwa cha adui aitwaye Lizard kikirushwa nyuma kana kwamba kimepigwa teke na hewa. Hiyo ndiyo aina ya ushahidi mzuri: kitu kinachoonekana, chenye sekunde yake, kisicho na maelezo mengine. Kivuli chenye umbo la masikio kwenye ukungu si ushahidi wa aina hiyo.

Usihukumu ubora wa picha za kompyuta kwenye trela ya kwanza, ile inayotoka miezi sita au zaidi kabla. Hapo kazi haijakamilika. Hukumu mwanga na mavazi, maana hayo kwa kawaida yalishapigwa.

Kuandika maoni yenyewe

Maneno 300 hadi 600 yanatosha. Sentensi ya kwanza iwe dai moja linaloweza kuwa kosa. Inayofuata itaje toleo au sekunde ya trela. Kisha weka hoja kali zaidi ya upande wa pili, uijibu. Halafu andika kitu ambacho kikitokea utabadili msimamo. Sehemu hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayomfanya msomaji akuamini.

Makosa ya kawaida kwenye takwimu ni machache ila yanarudiwa kila wiki. Asilimia ya Rotten Tomatoes si alama ya ubora. Ni sehemu ya wahakiki walioipendekeza, kati ya wote walioihakiki. Wahakiki mia wote wakiipa filamu 6 kati ya 10, inaweza kupata asilimia 100. Metacritic ndiyo inayotoa wastani wenye uzito. CinemaScore huwauliza watazamaji wa usiku wa kwanza, ambao kwa filamu za mashujaa ni wale waliokuwa na hamu tayari, kwa hiyo alama ya B kutoka kwao ni dalili ya baridi. Na bajeti inayotajwa haina gharama za matangazo, huku majumba ya sinema yakichukua takriban nusu ya tiketi. Filamu ya dola milioni 200 iliyoingiza milioni 250 duniani kote bado haijarudisha gharama zake kwenye majumba ya sinema.

Filamu ikitoka, rudi kwenye karatasi yako ya safu tatu. Kila kisio lipe alama: sahihi, kosa, au halikuguswa. Chapisha matokeo pamoja na yale uliyokosea. Kwenye kichwa cha chapisho na kwenye picha yake usiweke jina la anayekufa wala sura ya mgeni aliyejitokeza ghafla, kwa sababu vitu hivyo viwili huonekana hata kwa mtu ambaye hakubofya. Onyo la kwamba utafichua mambo liwe mstari wa kwanza, litaje ni filamu ipi na ni komiki ipi, maana aliyetazama filamu anaweza kuwa bado hajasoma kitabu. Wiki mbili za kukaa kimya kwenye vichwa vya habari ni desturi njema; ndani ya chapisho lenye onyo unaweza kusema yote tangu siku ya kwanza.